Baiki ya Mtoi: Wacha Shoki, Shika Breki

Shoki. Tuanze hapo, ju najua ndizo zimekumaliza. Umepita kando ya barabara, baiki zimepangwa laini moja, zinawaka. Kuna moja iko na shoki mbele, shoki nyuma, stika za moto kwa fremu, na chupa ya maji ya bure. Mtoi wako ameganda. Muuzaji ashakusoma: ndula zako, simu yako, venye umemeza mate. Ashajua amekupata. Buda, tembea. Usigeuke.

Form ni hii, na sibadilishi. Baiki ya kwanza ya mtoi wa mtaa iwe nyepesi, iwe saizi yake ya leo, na breki zishike. Hayo mengine ni mapambo. Na kwa baiki ya bei ya chini, shoki ndio pambo la kukuumiza zaidi, ju unalipa wewe dukani, halafu mtoi analipa kila siku kwa kilima.

Makina ya Kibera si Karen. Hapa mtoi akitoka mlangoni ni mtaro. Akivuka mtaro ni mawe. Akimaliza mawe ni matope ya jana, na kwa kona mathe wa chapo ameweka jiko. Kushuka hadi reli ni raha. Kurudi, hapo ndio utajua kama ulinunua baiki ama ulinunua chuma. Kawangware ni ile ile, ingia ndani Gatina ama Congo mvua ikiwa imenyesha uone moto. Kwa hivyo maunteni baiki huku si ya kuringa tu, ni ya mboka. Taya nene, za meno meno, fremu ngumu. Na hizo taya nene ukizipunguza upepo kidogo zinameza mawe zenyewe. Shoki za bure. Hazikwami, haziongezi kilo kama spring.

Ju hebu tuongee kilo. Mtoi wa miaka nane ako na kilo kama 25. Baiki ya chuma ya shoki mbili, taya za 20, inacheza hapo kwa kilo 13 ama 14. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mwili wake. Sasa jipimie wewe. Ukiwa na kilo 70, hesabu hiyo hiyo inakupea baiki ya karibu kilo 38, yaani mitungi miwili ya maji ya lita 20, halafu uambiwe panda nayo hadi Olympic na usilalamike. Utaichorea siku ya pili. Mtoi pia ataichorea, na wewe utamwita mvivu. Si uvivu. Ni shoki.

Na zile shoki zenyewe? Spring ya chuma ndani ya bomba, basi. Hakuna mafuta ya kuituliza. Ikiingia shimo inazama, ikitoka inaruka, na mtoi anaruka nayo. Za nyuma ndio noma kabisa: kila akikanyaga pedeli, nguvu ingine inaenda kubonyeza spring badala ya kuzungusha taya. Baiki inacheza lipala, haisongi.

Kuna wajuaji watakushow eti maunteni baiki bila shoki ni feki. Waambie wakae. Hii kitu ilianza Marin County, California, miaka ya 1970. Mbogi ya vijana ilikuwa inaokota baiki mzee za Schwinn, zingine za kabla ya Vita vya Pili, chuma tupu, gia moja, breki ile ya kurudisha pedeli nyuma. Wanazipandisha mlima kwa pikapu, wanazishusha kwa vumbi. Oktoba 1976 wakaanzisha mbio zao, wakaziita Repack. Ukifika chini grisi ya habi imeungua yote, inabidi ufungue upake ingine ndio urudi juu. 1977 Joe Breeze akatengeneza fremu ya kwanza ya kazi hiyo. Shoki za mbele za RockShox zilikuja 1989 hivi. Piga hesabu: zaidi ya miaka kumi watu wanarusha baiki milimani bila spring hata moja. Na walianza na mitush, buda. Mitush! Hii ni game yetu.

Sasa saizi. Hapa ndio wazae huharibu kila kitu.

Fathe yako ako na sentensi moja tu: "Nunua kubwa, ataikulia." Hao ndio walikununulia sweta ya shule ikafika magoti, ukaivaa hadi darasa la nane bado inakumeza. Sweta kubwa haiui mtu. Baiki kubwa inakumwaga kwa mtaro mbele ya madem wa darasa lenu, na hiyo hadithi haitaisha mpaka uhame mtaa. Ataikulia? Sawa, ataikulia akiwa na plasta.

Baiki za watoi zinapimwa kwa inchi za taya. 16 ni ya miaka minne hadi sita. 20 ni ya sita hadi tisa. 24 inachukua kutoka tisa hadi kumi na mbili hivi. 26 ni ya wasee wakubwa, na ndio hiyo fathe anadai umpe mtoi wa miaka saba. Lakini miaka hudanganya, kuna mtoi wa saba ako na miguu ya kumi. Kwa hivyo mpime mwenyewe. Asimame katikati ya baiki, mguu huku, mguu huku, nyayo zote chini. Kati ya bomba la juu na suruali yake kubaki vidole vitatu vinne vyako. Halafu akae kwa siti, ikiwa imeshushwa mpaka chini, na vidole vya miguu viguse ardhi bila kujinyoosha. Halafu mwambie ashike breki. Vidole viwili vyake vifike kwa mkono wa breki bila kuachilia hendeli. Kama havifiki, kuna kaskurubu kadogo hapo kwa mkono wa breki, fundi anakakaza, mkono unasogea karibu. Wengi hawajui hiyo. Mtoi anapigwa na ukuta, mzae anasema "hajui kufunga breki". Alikuwa anajua, hakuwa anafika.

Guka naye atakuja na hadithi ya baiki ya Black Mamba. Lazima. Hajawahi kosa. Ati wao walijifunza na Black Mamba ya mzee, mguu mmoja umepitishwa chini ya bomba, mwili umekunjwa pembeni, wanaendesha hivyo hadi posho mill na gunia nyuma. Sawa, guka, tumeskia, ulikuwa mnoma. Lakini uliendesha hivyo ju ilikuwa baiki ya mtu mzima na hukuwa na ingine. Hiyo si sylabasi. Na shosho akisema eti wasichana hawapandi baiki, mwongezee chai tu, msichana wako apande. Tena zile fremu za bomba lililoinama, wanaita za madem, ndizo mali safi kwa mtoi yeyote: anashuka haraka, haumii katikati, na bei iko chini ju wavulana wanaziogopa. Mwonee huruma huyo mvulana, wewe chukua baiki, paka rangi nyeusi, mambo kwisha.

Kitu rahisi kabisa kabla hujatoa ganji ya baiki: mpeleke kwa wale wasee wa kukodisha baiki kwa raundi. Kila mtaa uko nao, na kila Jumamosi foleni iko. Alipie raundi mbili za 16, raundi mbili za 20. Utaona kwa macho gani inamtosha, na utajua kama anapenda baiki ama anapenda tu venye beshte yake ako nayo.

Haya, soko. Mpya ama mitush? Mitush. Hata sifikirii. Baiki mpya ya bei ya chini ni rangi nzuri juu ya chuma mbaya: beringi laini kama siagi, pedeli za plastiki, breki za bati. Ile ya mall nayo unalipia taa za mall. Lakini mitush ya Uingereza, Ujerumani ama Japani ilitengenezewa mtoi wa huko, mzazi wa huko akaitumia mwaka mmoja ikalala gereji, ikatupwa kwa kontena, ikafika Mombasa. Fremu ya alumini, beringi za ukweli. Unajua venye soko la Toi kuna kamera, ile mali safi, na kuna fagia, yale mabaki? Kwa baiki ni hivyo hivyo. Kamera hupatikana asubuhi mzigo ukifunguliwa. Ukienda saa kumi jioni unanunua fagia na stika.

Mtoi umwache nyumbani. Akipiga kelele tu "hii!", bei imepanda thao moja na huwezi ishusha tena. Beba vipimo vyake kwa uzi, na sumaku ya spika mzee.

Ndio, sumaku. Weka kwa rimu. Ikishika, hiyo ni rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa maji raba za breki zinateleza tu. Mvua ya Aprili, kilima cha Makina, breki zinateleza: hiyo filamu hutaki kuona. Isiposhika, ni alumini, uko sawa. Halafu weka kwa fremu. Isiposhika tena, nyamaza, usicheke, muuzaji asijue umefurahi.

Endelea kukagua. Inua mbele, zungusha taya, angalia pengo kati ya rimu na raba ya breki. Ikicheza kidogo fundi ananyoosha kwa spoki. Ikicheza sana kama imelewa, acha. Shika mkono wa pedeli uusukume kushoto kulia, si kuzungusha, kusukuma pembeni. Ikigonga, beringi za katikati zimeisha. Bana breki ya mbele, sukuma baiki mbele nyuma: ukiskia tak, shingo imelegea, kaza uone kama inatulia. Pitisha kidole chini ya fremu pale bomba la chini linapokutana na shingo, hapo ndio nyufa huanza. Rangi ikiwa mpya mahali hapo peke yake, kuna kitu imefichwa. Rangi ikiwa mpya baiki nzima na ndani ya mikwaruzo inatokea rangi ingine, geuza baiki chini juu, angalia namba ya fremu chini ya pedeli. Imekwaruzwa? Ondoka. Kuna mtoi mahali analilia hiyo baiki, na siku utakutana na karao huna la kusema. Itisha risiti, hata ya mkono, iwe na jina, namba ya simu na hiyo namba ya fremu.

Gia usihangaike nazo. Muuzaji atakuimbia "gia 21!" kama amezivumbua yeye. Mtoi wa miaka saba hajui kushoto na kulia, ndio atajua gia 21? Moja inatosha. Sita ama saba za nyuma ni sherehe. Kila gia ya ziada ni waya wa kukatika, na kale kamkono kanahamisha cheni kakigongwa na jiwe kanapinda, baiki inakaa kwa fundi wiki. Breki za disk za bei ya chini pia nakataa. Zinapiga kelele, zinapinda, raba zake si kila fundi ako nazo. Breki za kubana rimu, fundi yeyote kutoka Makina hadi Kawangware anazitengeneza macho yamefungwa. Ukipata ile ya kurudisha pedeli nyuma kwa taya za 16, chukua, haina waya hata mmoja.

Kitu moja kuhusu mikono ya breki: baiki za Uingereza na Japani, breki ya kulia ndio ya mbele. Za Ujerumani na Uholanzi mara nyingi ni ya kushoto. Ijue kabla mtoi hajaijua kwa meno.

Sasa ganji. Tuseme uko na thao nane. Muuzaji asione thao nane. Ya baiki ni tano na nusu, mwisho. Thao moja ni ya fundi: raba za breki mpya, waya mpya, grisi, na tyubu. Ukichagua tyubu, chukua valvu nene ile ya gari, unajaza upepo petrol station, hununui pampu. Thao ingine ni ya helmeti. Jirongo imebaki: kufuli, solusheni na viraka. Ukiitishwa tisa, taja nne, halafu nyamaza. Huo unyamavu ndio unafanya kazi. Akishuka hadi sita, onyesha ile rimu inacheza. Akikataa, anza kutembea polepole. Wanaitanaga.

Helmeti wazae watacheka. "Sisi hatukuvaa." Ndio, na ndio maana kila mzae ako na kovu kwa paji la uso na hadithi ya kovu, inabadilika kila Krismasi. Mtoi avae. Si ile ya nduthi, hiyo ni nzito kwa shingo yake na inamfunika macho. Ya baiki, imekaa juu ya nyusi, mkanda umebana kidole kimoja. Mpya ndio salama; kama ni mitush, hakikisha ganda la ndani halina ufa. Ikiwa na ufa, ni kofia tu.

Na zile tumagurudumu twa pembeni, tafadhali. Hizo ni aibu na hazifunzi kitu, ju mtoi hajifunzi balansi akiwa ameegemea. Mfungulie pedeli zote mbili, siti ishuke chini, ajisukume na miguu kama anatembea amekaa. Pedeli ya kushoto hufunguka kinyume, unazungusha venye ungekaza ingine, watu huvunja spana hapo. Mpeleke pale uwanja wa DC Kibera mapema kama hakuna mechi. Akianza kuinua miguu yote miwili na kuteleza bila kuyumba, rudisha pedeli. Ameiva. Hutakimbia nyuma ya baiki ukishika siti ukihema.

Unadhani ni mchezo wa watoi? Panda Waiyaki Way hadi Kikuyu, kijiji cha Mai-a-Ihii. Hapo David Kinjah, dredi zake na mbogi yake ya Safari Simbaz, amefunza vijana baiki miaka na mikaka. Kuna mtoi mzungu, amezaliwa Nairobi 1985, mathe yake alimpeleka kwa Kinjah, akawa anakuja na maunteni baiki yake kuride na vijana wa kijiji. Chris Froome. 2006 alivaa jezi ya Kenya kwa Commonwealth Games za Melbourne. Baadaye akahamia upande wa Uingereza, akashinda Tour de France 2013, 2015, 2016 na 2017. Alianzia vumbi letu. Na pale kwa Kinjah kuna kitu naiheshimu sana: mtoi haendeshi tu, anashika spana pia. Mfunze wako hivyo. Aweze kutoa taya, kupata tundu kwa beseni ya maji, kuziba pancha mwenyewe. Mtoi wa miaka tisa anayeziba pancha ni mtu na heshima yake kwa mtaa.

Penye ataride? Vichochoroni na watoi wenzake, sawa. Kibera Drive hapana, mathree za namba 8 hazina rafiki. Ile barabara inaunganisha Ngong Road na Lang'ata, ile keja na mashule za watu zilibomolewa Julai 2018 ndio ipite, nenda naye Jumapili asubuhi kabla nduthi hazijaamka. Maelfu walilala nje ndio hiyo lami ikalala hapo. Watoi wa Kibera wana haki nayo kuliko gari lolote linaipita. Doh ikikubali siku moja, msitu wa Karura wanaruhusu baiki, unalipa kiingilio, na huko atajua taya za meno meno zilitengenezewa nini.

Usiku baiki ilale ndani. Najua keja ni teni kwa teni. Baiki ya 20 inaning'inia juu ya kitanda kwa msumari wa inchi nne uliopigwa kwa mbao, si kwa bati. Nje hata na kufuli, utaamka upate kufuli.

Akianza kuikodisha kwa wenzake ashu raundi, usimkataze. Mwitishe hesabu kila Jumapili, na raba za breki zikiisha anunue yeye.

Magoti yakianza kugonga hendeli, iuze. Ioshe, paka cheni mafuta, toa ile risiti yako. Mitush nzuri haishuki bei hivyo, na hapa Makina mnunuzi ako mlango wa tatu, ashamwona mtoi wako akiiride mwaka mzima. Anza saba. Usishuke chini ya tano.